Bega Moja kwenye Mto Kasimbi

Mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyesema kwamba mjumbe hawezi kuvunjika mguu. Wangu ulivunjika kwenye njia ya Kabambare, nikiwa nimebeba maneno ya dada yangu Faida kwa mume wake. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayonitia aibu.

Naitwa Mounira. Nauza vitenge katika soko la Kasongo, na wenzangu sokoni watakuambia kwamba ulimi wangu unakata kuliko mkasi wangu. Ni kweli, sikatai. Faida ni mtoto wa mama yangu mdogo, tulilelewa nyumba moja, na alinichagua mimi kwa sababu ya ulimi huo. Alikuwa na mama zake wakubwa, alikuwa na kaka, alikuwa na shehe wa msikiti wetu ambaye angeweza kuandika barua nzuri. Akasema hapana, wote hao watamwonea huruma mume wake, Lwamba. Alitaka mtu asiyemwonea Lwamba huruma.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Lwamba arudi Kasongo akae na mkewe na watoto wake wawili kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, au ampe talaka. Faradji, yule anayeuza mchele na chumvi karibu na kituo cha pikipiki, alikuwa ameshamwuliza Faida mara mbili kama anaweza kumwoa, na mwanaume mwenye duka haulizi mara ya tatu.

Sasa nikwambie Lwamba ni nani. Alizaliwa Kalembe, kijiji kidogo upande wa Kabambare, nyuma ya vilima. Alikuja Kasongo kijana, akisukuma baiskeli iliyobebeshwa madumu ya mawese, fimbo imefungwa kwenye usukani, jasho mpaka kwenye nyayo. Akampenda Faida, akasilimu, akapewa jina la Djuma, ingawa hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa shehe. Alikuwa mtu mwema na mwili wake ulikuwa na nguvu. Kosa lake lilikuwa moja: hakuna kazi iliyokaa mikononi mwake. Aliacha mawese akauza petroli kwenye chupa. Akaacha petroli akatengeneza redio. Akaacha redio akaenda Lusangi kuchimba dhahabu pamoja na watu wa Bukavu na wa kila mahali, akarudi baada ya miezi minne na kikohozi na mfuko mtupu. Kila alipoacha alisema maneno yaleyale: "Hii haiko kazi yangu. Kazi yangu iko mahali, nitaiona tu."

Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa akimjibu, "Mchagua jembe si mkulima, mwanangu." Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Miaka mitano iliyopita baba yake Lwamba alifariki, akaenda Kalembe kwenye matanga. Matanga yakaisha, akabaki siku chache kumalizia paa la mama yake. Na katika siku hizo likatokea jambo ambalo ndilo lililomchukua. Faida alinisimulia mara nyingi, kwanza akilia, baadaye kwa hasira.

Huko kwao kuna desturi ya wagonjwa. Mtu asiyeweza kutembea, wala kukaa kwenye pikipiki, huwekwa kwenye kipoyi, yaani machela ya miti miwili, na wanaume wa kijiji chake humbeba mpaka mpakani. Hapo wanamlaza, wanaita, na kijiji kinachofuata hutoa wanaume wanne kumpokea na kumsogeza mbele, hivyo hivyo mpaka hospitali ya Kabambare. Waliomleta hawavuki mpaka. Ukivuka na mgonjwa wako kwenye ardhi ya wenzako, umewaambia kwamba hawana mabega. Na wanaopokea hawajitokezi chini ya wanne, kwa sababu kujitokeza wawili au mmoja mbele ya mgonjwa wa watu ni kumkataa. Basi kila upande unamheshimu mwenzake, na mgonjwa anapita juu ya mabega ya nchi nzima bila kulipa kitu. Wazee wao walijua kupanga.

Mpaka kati ya Mulinga na Kalembe, kijiji cha mwisho kabla ya Kabambare, ni mto Kasimbi, mto mdogo wa kuvuka kwa miguu, maji mpaka magotini. Upande wa Mulinga kuna jiwe pana, ndipo wanapomlaza mgonjwa. Asubuhi moja katika siku zile watu wa Mulinga walimleta mwanamke wa kutoka Bukavu, Nabintu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji maharage. Uchungu wa mtoto ulikuwa umemshika siku ya pili na mtoto hatoki. Wakamlaza jiweni, wakaita.

Kalembe wanaume walikuwa wamekwenda Lusangi. Aliyekuwepo mwenye mabega alikuwa Lwamba peke yake, juu ya paa. Alisikia mwito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akashuka, akazunguka kijiji, akakuta wazee wawili wenye mikongojo. Akajiambia, kidole kimoja hakivunji chawa. Nikijitokeza peke yangu nitakuwa nimemkataa mgonjwa wao mbele ya macho yao. Nikinyamaza, watajua kijiji hakina watu, watatafuta njia nyingine. Akapanda tena kwenye paa.

Wale wa Mulinga nao hawakutafuta njia nyingine. Waliona ni aibu kuvuka na kuwadharau wa Kalembe, wakaendelea kuita na kungoja, kuita na kungoja, mpaka jua lilipopinda. Nabintu akafa jiweni na mtoto tumboni. Wote walikuwa wameshika adabu. Lwamba alijua mambo yameisha aliposikia mwito umegeuka kilio.

Alirudi Kasongo mtu mwingine. Wiki mbili hakula vizuri, na Faida akidhani ni msiba wa baba. Kisha akasema anarudi Kalembe mwezi mmoja tu. Alichukua baiskeli yake ya zamani ya mawese, na kwa fundi mmoja akachukua gurudumu lingine. Mwezi huo ulikuwa bado haujaisha mwaka wa tano ulipoingia. Miaka ya mwanzo alikuja sikukuu za Idi, akakaa siku tatu, macho yake yanatazama mlango. Idi ya mwisho hakuja kabisa. Mvua zilikuwa nyingi, alituma salamu, wagonjwa nao wengi. Watoto walivaa nguo mpya wakakaa barazani mpaka mchana. Asma, mkubwa, ndiye aliyemwambia mama yake, "Tule tu."

Sasa unaelewa kwa nini nilikwenda na hasira yangu yote. Njiani nilikuwa nikiipanga hotuba. Nililala Wamaza kwa mwenzangu wa biashara, na asubuhi tukaendelea, mimi na motari wangu Aganze, mtoto wa Bukavu anayeendesha pikipiki kama anafukuzwa na nyuki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye mteremko wa Mulinga pana daraja la magogo manne, na magogo yalikuwa yanateleza kama yamepakwa sabuni. Nilimwambia Aganze nishuke. Akasema, "Mama, usiogope, mi najua hii njia." Hujafa hujaumbika. Pikipiki iliingia korongoni, Aganze akaruka akatua kwenye majani, mimi nikatua chini ya pikipiki. Nilisikia mfupa wa mguu wa kulia ukilia kama kuni.

Nilipiga kelele nyingi, sitazirudia hapa. Wanawake watatu wa Mulinga walikuwa karibu wakipalilia mihogo, wakaja mbio. Wanaume wao? Lusangi. Wakanitandikia kitenge, mali yangu mwenyewe, wakashika pembe tatu, Aganze akashika ya nne, wakaniteremsha mpaka mtoni. Wakanilaza juu ya jiwe pana. Nikauliza, "Hapa ni wapi?" Mmoja akajibu, "Ni Kasimbi, mama. Hapa tunaita watu wa Kalembe."

Jiwe lilikuwa baridi na lina unyevu. Nilikuwa nimetoka Kasongo kuja kumng'oa yule mtu kwenye mto huu, nimwambie kwamba anapoteza maisha yake kulinda maji, na sasa nilikuwa nimelazwa mahali alipofia Nabintu, nikimwomba Mungu kwa moyo wangu wote kwamba Lwamba awepo, asiwe amekwenda shambani, asiwe amechoka, asiwe amebadilisha kazi tena kama kawaida yake.

Yule mwanamke akagonga mti kwa jiwe mara tatu, akavuta sauti ndefu. Hata hakumaliza mwito wa pili.

"Niko! Niko, nakuja!"

Alitokea kwenye matete ya ng'ambo, amekonda, ndevu zimeingia mvi, kaptula imepigwa viraka. Mbele yake alikuwa akisukuma kitu ambacho kwanza sikukielewa: magurudumu mawili ya baiskeli yaliyowekwa sambamba, na juu yake kitanda chembamba cha mianzi na magunia. Nyuma pana mpini wa kusukumia na kamba ndefu iliyokunjwa. Akavuka maji bila kukunja kaptula, akafika, akaniangalia mguu, halafu uso.

"Dada Mounira?"

"Ni mimi, shemeji."

"Watoto wako wazima?"

"Wazima."

Akashusha pumzi. Kisha akafanya kazi. Alikata vijiti viwili, akanifunga mguu, akanipandisha kwenye kitanda chake polepole kuliko nilivyowahi kushikwa na mtu yeyote, na mimi nimeolewa mara mbili. Aganze alisema atabaki, pikipiki si yake, akiiacha korongoni mwenye nayo atamuua. Lwamba hakumlaumu. Alimwuliza tu kama ameumia, akawaambia wale wanawake asante, akanivusha mto.

Kutoka Kasimbi mpaka Kabambare ni mwendo wa vilima vitatu. Tulianza asubuhi, tukafika jua limeinama. Nimelala chali, miguu mbele, naona mawingu na matawi tu. Yeye yuko nyuma yangu, namsikia anavyohema. Kupanda alisukuma kwa kifua. Kushuka ndipo nilipoona maana ya ile kamba. Aliifunga kwenye mpini, ncha nyingine akaizungusha kiunoni, akaegemea nyuma, visigino vinachimba matope, mwili wake ndio breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili, kipofu angeona. Kamba yenyewe ilikuwa kuukuu, ina vifundo mahali ilipokatika ikaungwa.

"Shemeji, hii kamba itakatika."

"Inakatikaka kwenye kifundo cha chini," akasema. "Nimeshaijua. Nikifika pale navuta kwa mukono."

Nikauliza kama hakuna mtu wa kumsaidia. Akaniambia siku ya kwanza alipojitokeza peke yake, watu wa Mulinga walikasirika, wakamwuliza, "Kalembe inatutumia mutu mumoja? Mugonjwa wetu ni kuku?" Akawajibu, "Mi na magurudumu mbili, tuko watatu. Wa ine ni Mungu." Walinuna, wakamwachia mgonjwa. Baadaye walizoea. Kijijini kwake walikuja kusaidia mwezi mmoja, miwili, kisha dhahabu ikawaita. Watu wakatunga neno: Lwamba ameoa mpaka. Alihamisha nyumba yake karibu na maji asije akakosa kusikia. Jirani hana. Watu wanaopita pale wanapita kwa haraka, na wale anaokaa nao muda mrefu wanakuwa wanaugua.

"Unaongea na nani siku nzima?" nikamwuliza.

"Na wagonjwa," akasema. "Wengine hawajibu."

Nilicheka, mguu ukaniuma, nikaacha kucheka.

Nikamwuliza amebeba watu wangapi. Nilidhani atajisifu, ningekuwa mimi ningejisifu. Akasukuma mpaka tulipomaliza kupanda.

"Sihesabu. Namuhesabu mumoja tu, ule niliyemuacha."

Basi nikaona kama sisemi sasa, sitasema tena. Tulikuwa tunaanza kushuka kilima cha pili, kirefu kuliko vyote. Nilifanya makosa, nakubali. Maneno kama yale hayasemwi kwa mtu aliyefungwa kamba. Lakini niliogopa kumwangalia usoni, na pale nilikuwa siuoni uso wake. Nikasema nikitazama mawingu.

"Lwamba, sikuja kutembea. Faida amenituma. Anasema urudi nyumbani kabla ya Ramadhani, au umpe talaka yake. Faradji anamwuliza."

Hotuba yote niliyoipanga kutoka Kasongo ikaishia hapo.

Kitanda hakikusimama, wala hakikuongeza mwendo. Nilisikia kamba ikilia pale kwenye mpini, kri, kri, na visigino vyake vikiteleza na kushika, vikiteleza na kushika. Nikangoja anitukane. Nikangoja hata aniachie nishuke peke yangu mpaka bondeni, maana wanaume wengine wangeniachia. Tulifika chini. Akafungua kamba, akaikunja, akaninywesha maji kwenye kibuyu, naye akanywa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Asma iko anasoma?" akauliza.

"Anasoma. Wa kwanza darasani."

"Na Zuberi?"

"Zuberi anabomoa redio za watu."

Akatabasamu kidogo, akashika mpini. Kilima cha tatu alikipanda kwa kifua. Mimi ndiye niliyeanza kulia, na si mguu ulioniliza. Miaka mingi nilikuwa nikimwita mtu huyu mzururaji. Nilikuwa nikimwambia Faida kwamba mwanaume asiyejua anachokitaka ni kama mlango usio na bawaba. Sasa alikuwa amekijua, na kilikuwa kimemla mpaka mifupa.

Hospitalini Kabambare alitupokea nesi mmoja, Jeanine, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alimsalimia kama mtu wa nyumbani. "Lwamba, leo umeniletea nani?" Akamjibu, "Dada yangu." Waliponiweka kitandani, Jeanine akamletea Lwamba sahani ya bugali na sombe ya majani ya mihogo, naye akaiweka sakafuni bila kuigusa. Alikaa hapo muda mrefu, mikono juu ya magoti. Kisha akamwomba Jeanine akae, akamwita pia mzee aliyekuwa akimwuguza mkewe kitanda cha jirani, akawaambia anataka wasikie.

Nikamwambia, "Shemeji, hawa si Waislamu."

"Mungu ni shahidi," akasema. "Hawa ni wa kumusaidia."

Akanigeukia. Sauti yake haikutetemeka, na hilo liliniuma kuliko kama ingetetemeka.

"Umwambie Faida nimemuacha, talaka moja. Hana kosa lolote, kosa halikuwa lake hata siku moja. Umwambie nilifikiri njia yote, nilifikiri nirudi. Nikaona nikirudi nitakuwa nakaa kwenye baraza yake nasikiliza mutu anaita Kasimbi. Atakuwa na mwanaume nyumbani na hatakuwa naye. Faradji ni mutu muzuri. Awapende watoto."

Kisha akafunika uso kwa mikono, akalia mbele yetu sote, mwanaume mzima, kwa sauti. Jeanine alimshika bega. Mzee wa kitanda cha jirani akatazama ukuta. Alipomaliza alijifuta kwa kaptula, akasimama.

"Kula kwanza," nikamwambia.

"Kule hakuna mutu," akasema, akatoka. Nilisikia magurudumu yakipita chini ya dirisha, mepesi sasa.

Nilikaa Kabambare wiki saba. Faida alipiga simu, anauliza, amesema nini? Nikamwambia habari hiyo haina mlango kwenye simu. Nilipofika Kasongo na magongo yangu, alinikalisha barazani, akawafukuza watoto, nikamwambia yote. Nilidhani atafurahi. Nilimletea alichokitaka, neno kwa neno.

Akasema, "Nilitaka aje."

"Ulisema arudi au akuache."

"Nilisema hivyo ili aje, Mounira. Wewe mwenye ulimi, hata hilo hukulijua?"

Sikulijua. Nilibeba maneno mpaka Kabambare na sikubeba yaliyokuwa chini yake. Mpaka leo najiuliza kama mjumbe mwingine, yule shehe na barua yake laini, angeyafikisha vizuri zaidi. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Kwenye kilima kile kirefu, nani alishika nyuma?"

"Hakuna. Anajifunga kamba kiunoni."

"Kamba gani?"

Nikamweleza: kuukuu, ina vifundo. Akasema polepole, "Kamba hukatikia pabovu," akaingia ndani.

Eda yake aliikaa vizuri, haendi sokoni wala harusini. Kila nilipokwenda kumtazama nilimkuta barazani na magunia ya mchele, anafumua nyuzi, anazisokota juu ya paja, anazisuka tatu tatu. Sikumwuliza. Zuberi alimshikia ncha moja, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ua kadiri kamba ilivyorefuka. Faradji aliposikia eda imeisha alileta watu wake, wakapokelewa, ndoa ikafungwa Ijumaa, wali ukaliwa. Faida alikuwa mzuri siku hiyo, na nilimwona anacheka kwa kweli, sidanganyi. Jumamosi alinipa ile kamba, imekunjwa ndani ya kipande cha kitenge. "Kwa mtu anayekwenda kule," akasema, kana kwamba kuna mwingine wa kwenda zaidi yangu.

Nilikwenda mwenyewe. Kiangazi kilikuwa kimeingia, njia kavu. Aganze aliendesha taratibu. Na kwenye daraja la magogo nilishuka nikatembea, hata hakubisha. Lwamba nilimkuta anaziba pancha. Nikampa kamba. Aliinyoosha yote kwenye majani, akaipitisha mkononi pima kwa pima, akaangalia ilivyofungwa mwisho. Alijua ni mikono ya nani.

"Ameolewa?"

"Ijumaa."

Akatikisa kichwa. Akaifunga kwenye mpini, akajizungushia kiunoni, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Ile kamba haikulia hata kidogo.

"Itashika," akasema.

Hakukuwa na kingine cha kuongea. Nilivuka maji nikichechemea, viatu mkononi. Nilipofika kwenye jiwe la Mulinga niligeuka, ameshaingia kwenye matete. Sijui nini kilinishika. Nilichukua jiwe, nikagonga mti mara tatu, nikavuta sauti.

"Niko! Nakuja!"

Akatokea mbio na kitanda chake, kamba mpya kiunoni, akaingia majini mpaka magoti. Akaniona nimesimama kwa miguu yangu miwili.

"Mugonjwa iko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, shemeji," nikasema. "Nilikuwa nakuita tu. Nilitaka kukuaga vizuri."

Alisimama pale katikati ya mto, maji yanapita kwenye magoti yake, ananitazama kama mtu aliyesahau neno. Hakuna aliyewahi kumwita pale bila mgonjwa. Kisha akarudisha kitanda chake nyuma, akakaa kwenye nyasi za upande wake. Mimi nikakaa kwenye jiwe, upande wangu. Tuliongea habari za watoto mpaka Aganze alipopiga honi ya pili.

Sasa kila ninayemjua anayekwenda Kabambare namwomba jambo moja. Akifika Kasimbi, hata akiwa mzima, amwite kwanza kwa jina, "Lwamba!", ili ajue si mgonjwa, kisha amwambie habari za Kasongo. Wengine wana haraka, wanasahau. Wengine wanafanya.